Barua ya wazi kwa wakubwa wa Jeshi la Anga la Marekani: ile saa ya John Chapman iandikeni yote

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Jeshi la Anga, kwa majenerali wa Pentagon, na kwa makamanda wa makomandoo wa anga pale Hurlburt Field, Florida.

Waheshimiwa nawasalimu kwa heshima zote. Mie ni mama, mzaliwa wa Tanga, Tanzania, nina miaka kumi na tisa hapa North Carolina, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, shifti ya usiku. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu jambo lenyewe, la John Chapman, askari wenu aliyekufa vitani Afghanistan 2002, ni la msiba, na mie mambo ya msiba siyawezi kwa Kiingereza, maneno yananitoka makavu. Huko kwenu wapo wanaosoma Kiswahili, vijana wetu wengine mmewachukua kwa ajili ya hii hii lugha, basi mmoja wao awasomee taratibu.

Mwanangu wa kiume yuko kwenu. Alinijia jikoni siku moja napika akaniambia mama nimeomba kuingia kombati kontrola, mie nikajua ni kazi ya ofisini, nikamwambia haya baba, Mungu akujaalie. Ndio baadae nikaja kuelewa nimebariki kitu gani. Nilipoingia chumbani kwake kufua mashuka nikakuta ukutani kabandika picha ya mwanaume ana ndevu, anacheka, kavaa nguo za vitani, nikamuuliza huyu nani, akasema mama huyu ni John Chapman, akaniambia kaa chini nikuhadithie. Tukakaa mpaka usiku. Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichoweza kusoma kuhusu huyu mtu, kwenye mapumziko yangu kazini, simu mkononi chai inapoa, na kuna jambo moja limenikaa kooni ndilo nawaletea: ile saa yake ya mwisho aliyopigana peke yake, ambayo karatasi ya medali yake haiitaji.

Kwanza niwaeleze wenzangu watakaoisoma barua hii, maana kwetu wengi hatujui hii kazi. Kombati kontrola ni mtu wa kutangulia. Rubani hajui atue wapi, helikopta haijui adui kajificha upande gani, bomu halina macho, mpaka huyu mtu mmoja aliyelala kwenye tope au theluji aseme kwenye redio. Ni mwongoza ndege mwenye leseni kabisa kama wale walioko mnarani pale uwanja wa ndege Dar, ila yeye mnara wake kaubeba mgongoni. Wanapelekwa kusomea kuongoza ndege kule Keesler, Mississippi, wanaruka na parachuti, wanazamia, wanafundishwa kuishi porini na kuvumilia kukamatwa, mafunzo yenyewe ni kama miaka miwili na wengi wanaishia njiani. Wanaomaliza wanavaa bereti nyekundu na kaulimbiu yao ni kwamba wao ndio wa kwanza kufika.

Na kuna kitu kingine ambacho mwanangu alinieleza kama jambo la kawaida tu lakini mie kikanishtua. Huyu mtu mara nyingi hapigani na wenzake wa anga. Anaazimwa. Anatolewa kikosini kwake anawekwa katikati ya makomandoo wa majini au wa nchi kavu, yeye mmoja peke yake na redio yake, anaishi nao, anakula nao, wanampenda na anawapenda, lakini bado ni mgeni pale. Wao wamelala chumba kimoja miaka, yeye kaja na begi. Hilo naomba mlishike maana nitalirudia.

John Chapman alizaliwa 1965 Springfield, Massachusetts, akakulia Windsor Locks, Connecticut, mji mdogo tu. Shuleni alikuwa mtu wa michezo, mpira wa miguu na kuruka kwenye maji kutoka ubao wa juu. Aliingia Jeshi la Anga 1985 na kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa ya mambo ya kompyuta, kazi safi, ya kivulini, angeweza kukaa hapo mpaka pensheni, wala asingelaumiwa na mtu. Yeye mwenyewe akaomba kazi ngumu. Akahudumu Okinawa kule Japani, alafu akaja kikosi cha 24 cha Special Tactics, yaani cha mbinu maalumu, kwenye kambi ya Pope hapa hapa North Carolina, yaani kwa gari kutoka kwangu sio mbali hata kidogo, huwa napita. Akaoa, wakapata watoto wawili wa kike. Alipokufa alikuwa na miaka 36 na watoto bado wadogo.

Sasa ule mlima.

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Machi 2002, Takur Ghar, mkoa wa Paktia, Afghanistan, mita 3,191 kwenda juu, theluji ya mapajani. Operesheni Anaconda, lile shambulio la Wamarekani na wenzao dhidi ya Al-Qaeda na Taliban, ilikuwa ndio kwanza ina siku mbili. Chapman alikuwa ameazimwa kwa timu ya makomandoo wa SEAL wa jeshi la majini. Helikopta yao, Razor 03, ilipokuwa inataka kutua kileleni ikapigwa na roketi ya RPG, ikayumba, na komandoo mmoja anaitwa Neil Roberts akaanguka nje akabaki peke yake kule juu na adui. Helikopta ikajikokota ikaenda kutua kwa kuanguka bondeni, kama kilomita saba mbele. Usiku, baridi, helikopta imekufa, mwenzao kabaki kileleni, na hapo ndipo kazi ya Chapman inaonekana, akashika redio akaita ndege ya mizinga AC-130 iwakinge pale walipo, alafu akaielekeza ikaanze kumtafuta Roberts. Baadae helikopta nyingine ikawachukua na wao wakachagua kurudi kilele kilekile walichopigwa, kwenda kumfata mwenzao. Hawakujua kama yuko hai.

Waliposhushwa, risasi zikaanza. Chapman ndiye aliyetangulia kupanda kwenye ile theluji, mgeni ndiye aliyetangulia, akalifikia handaki la kwanza akawamaliza waliokuwemo. Rashasha ikaanza kuwapiga kutoka handaki la pili, karibu sana, mita kumi tu hivi. Akatoka kwenye kinga akalikabili na hilo. Hapo ndipo alipopigwa akaanguka. Wenzake nao wakaanza kujeruhiwa mmoja baada ya mwingine, kiongozi wao Britt Slabinski akaamini Chapman keshakufa, akawaondoa waliobaki wakateremka mlima huku wanapigwa.

Naomba nisieleweke vibaya. Mie simlaumu huyu kiongozi na yeyote atakayeichukua barua hii kwenda kumtukania mtu atakuwa ameniibia maneno yangu. Ilikuwa giza, watu wake wanavuja damu, alikuwa na sekunde chache za kuamua. Mimi nimekaa na watu wanaokata roho, ni kazi yangu kila wiki, na kuna usiku hata sisi wenye taa na mashine tunabishana kama mtu bado anapumua au la. Sembuse yeye kileleni gizani.

Lakini angani kulikuwa na droni, Predator, inarekodi. Na ile video inaonyesha baada ya timu kuondoka kuna mtu kwenye lile handaki anapigana. Peke yake. Wanamjia kutoka pande tofauti na yeye anawajibu, kama saa nzima. Kuna mwenzake wa kazi aliyekuwa mlima mwingine naye amesema alimsikia kwenye redio anaita kwa jina lake la kazini. Jamani hebu fikirieni mtu ana risasi mwilini, amezinduka yuko peke yake kwenye shimo la barafu, wenzake hawapo, anachukua redio anaita na hakuna anayemjibu.

Alafu kunapambazuka. Kama saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi ikaja helikopta ya kuwaokoa, Razor 01, ndani wamo Rangers, makomandoo wa nchi kavu, ikapigwa nayo. Na mtu wa handakini akatoka. Alikuwa na kinga, angebaki pale, nani angejua, lakini akatoka kwenda kuwapiga wale waliokuwa wanailenga ile helikopta, na hapo ndipo risasi za mwisho zilipompata. Aliwakinga watu ambao hawakujua hata kama yupo.

Walikufa Wamarekani saba kwenye mlima ule. Nawataja kwa sababu msibani kwetu marehemu anatajwa jina: Neil Roberts, John Chapman, Jason Cunningham, Matthew Commons, Bradley Crose, Marc Anderson, Philip Svitak. Mungu awapumzishe.

Sasa wakubwa zangu, swali langu. Mlijua lini?

Januari 2003 mlimpa Chapman Msalaba wa Jeshi la Anga, medali ya pili kwa ukubwa, kwa alichofanya kabla ya wenzake kuondoka. Mwaka huo huo wa 2003 kuna ofisa wa jeshi la nchi kavu aliyaandika haya mambo, akasema wazi kwamba kwenye handaki lile kuna mtu alikuwa anapigana baada ya timu kuondoka, na ni ama Chapman yuko hai au ni adui wanapigana wenyewe kwa wenyewe kwa kuchanganyikiwa. Yaani swali lilikuwa mezani mwaka mmoja tu baada ya mazishi. Alafu likakaa. Likakaa 2004, likakaa 2005, mwaka ambao mlitoa meli kubwa ya kubeba silaha za Jeshi la Anga mkaipa jina lake, nimeiona picha yake, na mie nimekulia bandarini Tanga najua meli kubwa nikiiona, ni heshima kubwa sana sikatai. Meli ikawa inazunguka baharini na jina la mtu ambaye hamjasema bado alikufaje. Likakaa mpaka 2016, ndipo Pentagon ilipoamuru medali za vita vya baada ya 2001 ziangaliwe upya, na waziri wenu wa wakati ule, mama Deborah Lee James, akaisimamia kesi ya Chapman, video zikapitiwa tena kwa teknolojia mpya mtu kwa mtu hatua kwa hatua. Huyu mama namshukuru kutoka moyoni. Na wale vijana waliokaa mbele ya skrini wakitazama doti moja nyeupe ikihangaika gizani, wakaikataa kuiita adui, na wao nawashukuru.

Tarehe 22 Agosti 2018 pale Ikulu ya Marekani, Rais Trump akamkabidhi mjane wake Medali ya Heshima, ile kubwa kuliko zote. Mtu wa kwanza wa Jeshi la Anga kuipata kwa kitendo cha vita vya baada ya Vietnam. Siku mbili baadae mkampandisha cheo akawa masta sajenti na jina lake likaongezwa kwenye mnara wenu wa kumbukumbu pale Arlington. Wale watoto wadogo sasa walikuwa wasichana wakubwa. Miaka kumi na sita.

Nimeangalia ile hafla mara nyingi, na mara ya kwanza nililia kama mtu wangu. Ila niliposoma maneno ya ile karatasi ya medali, ile inayosomwa kwa sauti mbele ya watu, nikasimama. Inasema vizuri alivyolikimbilia handaki la kwanza. Inasema alivyolikabili la pili. Alafu inasema pamoja na majeraha ya kumuua aliendelea kupambana bila kukoma na maadui kadhaa mpaka akatoa maisha yake. Basi. Saa nzima ya peke yake imebanwa kwenye sentensi moja, na hakuna mahali panaposema kwamba alikuwa peke yake. Haisemi timu iliondoka ikiamini amekufa. Haisemi alitoka kwa ajili ya Razor 01. Miezi mitatu kabla, tarehe 24 Mei 2018, kiongozi wa timu naye alipewa medali hiyo hiyo kwa mlima huo huo, na mie sina kinyongo, alirudi juu kumfata mwenzake, ni shujaa. Lakini ziwekeni karatasi mbili meza moja mzisome. Ile saa iliyo katikati yao haipo kwenye yoyote.

Mtaniambia mama hayo yote tumeyaeleza kwenye makala zetu na mahojiano, kila mtu anajua. Ni kweli, mmeeleza. Ila makala ni makala. Karatasi ya medali ndio itakayosomwa na mtoto wa mtoto wake miaka mia ijayo, makala zitakuwa zimepotea.

Niwaambie kwa nini naling'ang'ania hili.

Kwetu mtu akifia safarini, yule aliyekuwa naye ndiye anayekuja kukaa na wafiwa. Hata kama ni mbali. Anakuja anakaa mkekani, anapewa maji, alafu wazee wanamuuliza taratibu: alianzaje, alisema nini, nani alikuwa karibu, nani alimfumba macho. Na yeye anaeleza yote, hata yanayouma, hata kama sehemu nyingine zinamtia aibu yeye mwenyewe kwamba alikuwa amelala au alikwenda kununua dawa akachelewa. Watu hawamgombezi. Wanalia, wanamshukuru, kisomo kinasomwa, na hapo ndio msiba unaanza kupoa. Bila huyo mtu msiba haupoi, wallahi haupoi, unakaa ndani ya nyumba kama moshi.

Nayajua haya kwa sababu mjomba wangu alikwenda vita vya Kagera. Mimi nilikuwa mtoto mdogo sana, nakumbuka tu buti zake mlangoni. Alivuka na wenzake kwenda Uganda 1979 hakurudi. Kilichokuja nyumbani ni habari ya mstari mmoja kwamba amefariki akilitumikia taifa. Vita ilikuwa kubwa, watu wengi, simlaumu mtu. Lakini bibi yangu aliishi miaka ishirini na nne baada ya hapo na kila akipita askari barabarani alikuwa anamsimamisha, mwanangu ulikuwa Kagera? ulimjua fulani? Wengine walikuwa hawajazaliwa wakati wa vita, yeye anawauliza tu. Alikufa hajajua kama mwanae alikuwa peke yake au alikuwa na mtu. Hiyo ndio ilikuwa inamuua, sio kifo chenyewe, kifo alishakikubali. Alikuwa peke yake au alikuwa na mtu?

Na Chapman jibu lake mnalo. Mnalo kwenye video. Bibi yangu angetembea kwa miguu mpaka Washington kwa jibu kama hilo, na nyie mliliweka kwenye kabati miaka kumi na sita, na mie naona ni kwa sababu lilikuwa linauma kulisema mbele ya kikosi kingine. Ndio hapo narudi kwenye ule ugeni. Mtu akiazimwa kikosi cha watu, akifa, anayesimulia kifo chake ni kikosi cha watu. Kama hadithi ya kifo chake inaleta maswali kwa wenyeji, nani atapiga meza kwa ajili yake? Wenyeji wana haki ya kulinda jina lao, hata mie ningelinda la kwangu, lakini ndio maana inatakiwa nyie mliomuazimisha msimame upande wake tangu siku ya kwanza na sio tangu 2016. Mwanangu akimaliza mafunzo ataazimwa. Naelewa kazi ni kazi. Nataka kujua tu kwamba aliyemtoa ndiye atakayemfatilia.

Sisemi hamuwezi. Tarehe 5 Januari 2020 Al-Shabaab waliuvamia uwanja wenu wa ndege Manda Bay kule Lamu, pwani yetu hiyo hiyo, kwa boti ni bahari ileile nimeogelea, wakafa Wamarekani watatu. Mkachunguza, alafu 2021 mkaamua haitoshi mkachunguza tena upya na 2022 mkatoa majibu hadharani, mkakubali kwamba ulinzi ulikuwa na kasoro. Miaka miwili na kidogo, sio kumi na sita. Hakuna aliyeteremka heshima kwa kusema kweli ile. Na Februari 2012 walipokufa vijana wenu wanne wa Hurlburt ndege yao ilipoanguka Djibouti, mlichunguza mkasema nini kilitokea dakika za mwisho angani. Kwa hiyo njia mnaijua.

Na niseme kidogo kuhusu Jason Cunningham, maana kila mtu anamtaja Chapman na huyu kijana anabaki nyuma na roho yangu haipendi. Alikuwa na miaka 26, ni wale waokoaji wa Jeshi la Anga wanaoruka na parachuti na begi la dawa, alikuja na Razor 01. Helikopta ilipoanguka chini ya risasi yeye akawa anatibu majeruhi ndani yake, pakawa hapafai akawavuta nje kwenda mahali salama zaidi, akawa anapita kwenye mstari wa risasi na kurudi, mpaka akapigwa yeye. Akaendelea kutibu. Akawa anaelekeza wenzake wamuangalie nani kwanza. Mie nimefanya kazi na manesi wazuri na najua maana ya mtu anayeumwa kuliko mgonjwa wake lakini bado anauliza mgonjwa wake vipi. Waliomba helikopta ya kuwatoa majeruhi, mchana ule haikuruhusiwa kwa sababu mbili zilishapigwa na kilele bado hakijatulia, wakasubiri giza, na yeye akafariki kabla helikopta haijafika. Wanasema watu kumi wako hai kwa mikono yake. Alipewa Msalaba wa Jeshi la Anga. Naomba faili lake lifunguliwe tena pia kwa macho yale yale mliyotumia kwa Chapman, pengine mtakuta mlikuwa sahihi, basi mseme tulifungua tukaangalia. Uamuzi ule wa kusubiri usiku nao uelezwe kwa ukamilifu, aliyeamua alikuwa anapima roho za marubani na roho za majeruhi, mzigo ambao mie siwezi kuubeba, lakini familia ina haki ya kuuona ulivyopimwa.

Kwa hiyo ninachoomba sio kikubwa. Iongezeni ile saa kwenye karatasi ya Chapman, kwa maneno ya kawaida: kwamba wenzake waliondoka wakiamini amekufa, kwamba alikuwa hai, kwamba alipigana peke yake mpaka jua linatoka, kwamba alitoka kwenye kinga kwa ajili ya Razor 01. Maneno manne hayo hayamtukani mtu. Ile sehemu ya video isiyo na siri tena, kama ipo ambayo bado mmeifungia, familia zote saba zipewe nafasi ya kuiona yote kama wanataka, wakiwa wamekaa na mtu wa kuwaelezea, sio kuikuta kwenye simu. Na kila anayeazimwa kikosi kingine awe na mtu wa kikosi chake ambaye kazi yake, akifa mwenzake, ni kwenda kukusanya habari yote siku hizo hizo, redio, video, waliokuwepo, kabla watu hawajaanza kukubaliana hadithi moja. Alafu huyo mtu aende akakae na wafiwa. Kwenye kochi, sio lazima mkeka. Aeleze yote na akae mpaka waishiwe maswali.

Hilo la mwisho halihitaji pesa wala bunge.

Mwaka jana nilikwenda Windber, Pennsylvania, alipozikwa. Mwanangu alikuwa na likizo akasema mama twende, tukaendesha kutwa nzima. Makaburi ya mji mdogo, kilimani, tulivu. Nilikuwa nimebeba maua ya dukani tu kwa sababu asumini sikupata. Mwanangu alisimama wima muda mrefu, mie nikachuchumaa nikasafisha majani yaliyoangukia pale kwenye jiwe kama tunavyofanya kwetu, nikamuombea kwa dini yangu, naamini hatakasirika. Nikamwambia kwa Kiswahili, baba, wenzio wa angani walikuona. Tukarudi kwenye gari, mwanangu hakusema kitu mpaka tumeingia Virginia, alafu akaniuliza, mama, unafikiri alijua kama kuna anayemuona? Nikamwambia sijui. Akasema mie nafikiri hakujua.

Natoka kazini saa moja asubuhi, huwa niko macho mpaka saa nne. Jibu lenu hata likiwa la Kiingereza nitalisoma.

Mama wa kijana wenu,
North Carolina